Unamwona Kerling?

Lowrie Mouat alikuwa hajui kusema uongo, na tafadhali msikimbilie kumsifu. Wako wasemao kweli kwa sababu wanamcha Mungu, wako wanaosema kweli kwa kuogopa kushikwa. Lowrie alizaliwa hivyo tu, kama mwingine anavyozaliwa na kengeza. Ukimpikia supu ya kondoo ikazidi chumvi atakwambia imezidi chumvi, kisha ataimaliza yote na kuomba nyingine. Mkewe, Osla, alipoanza kuota mvi alimuuliza kama zinaonekana. Lowrie akamtazama vizuri, akasema, "Zinaonekana toka mlangoni." Osla hakumsemesha mpaka jioni.

Hata posa yake ilikuwa hivyohivyo. Alimwambia Osla kwamba nyumba inavuja, kwamba mama yake ana ulimi mkali, na kwamba yeye mwenyewe anakoroma. Osla akauliza, "Inavuja upande gani?" Lowrie akasema upande wa mashariki. "Haya, tutalala magharibi," akasema Osla, na wakaoana kabla ya kukata manyoya ya kondoo mwaka ule.

Hapa Hamarsey tumebaki watu arobaini na mmoja. Boti huja mara moja kila wiki mbili bahari ikikubali, na miezi ya baridi bahari haikubali. Kinachotushikilia hapa ni ndege. Ni kidude cha viti vinane, hutua Jumatatu, Ijumaa na Jumamosi kwenye njia ya changarawe ambayo baba zetu waliichimba kwa majembe kati ya kilima na genge la bahari. Na ndege hiyo haitui mpaka watu watatu wenye cheti cha zimamoto wawe uwanjani, gari lao limewashwa, maji na povu tayari. Watatu. Wawili hawatoshi hata mmoja wao angekuwa malaika. Lowrie alipoanza kazi walikuwa tisa. Wengine wamelala makaburini, wengine wamehamia bara kufuata wajukuu, na wamebaki Lowrie, Merran wa posta, na Tammas, ndugu yake Osla, tumbo moja.

Halafu kuna suala la Kerling. Viwanja vya wenzetu vina mashine za kupima mawingu. Sisi tuna mwamba. Umesimama peke yake baharini, kilomita tatu kutoka kibanda cha uwanja, na katika lugha ya wazee wetu jina lake ni bibi kizee. Rubani akikaribia huuliza kwenye redio, "Unamwona Kerling?" Mwenye redio akimwona toka miguuni mpaka kichwani, anasema namwona, na ndege inashuka. Kichwa kikiwa kimefunikwa na wingu, anasema simwoni, na ndege inarudi bara na watu wake na barua zake na mikate yetu. Miaka thelathini na mmoja mwenye redio alikuwa Lowrie. Marubani walikuja wakaenda, na kila anayeondoka alimwambia anayeingia: kule Hamarsey, mzee wa redio akisema yupo, yupo.

Na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, tuseme ukweli. Kondoo wake walikuwa wamekonda mpaka aibu. Mashua yake ilizama ikiwa imefungwa gatini, siku ya shwari. Merran alikuwa akimtania, "Wewe hata ukipewa fahali wa maonyesho utamuuza kwa hasara, maana utamsimulia mnunuzi magonjwa yake yote toka ndama." Lowrie hakubisha. Lakini ndege ikisikika, akishika ile redio, hata Merran alikuwa ananyamaza. Jitu zima lililoshindwa kila kitu lilikuwa linaaminiwa roho za watu wanane kwa neno moja.

Sasa nisikilizeni habari ya Februari, ingawa mimi mwenyewe sipendi kuisimulia.

Jumanne asubuhi Osla alishikwa na tumbo. Si la kusema nilale kidogo litapita. Daktari wa bara alisikiliza kwenye simu akasema ni kidole tumbo, aletwe leo hii, si kesho. Bahari ilikuwa inapanda mpaka juu ya gati. Helikopta ya uokoaji ilikuwa mbali, inatafuta trola, meli ya uvuvi, lililopotea na watu sita. Kampuni ya ndege ikasema inatuma rubani mara moja. Rubani mwenyewe alikuwa Catriona Baikie, mwanamke wa makamo anayeruka kwetu mwaka wa nane sasa, ambaye Osla alikuwa akimfumia soksi kila Krismasi.

Tammas alimleta dada yake uwanjani kwa gari lake la kubebea nyasi, amemlaza kwenye godoro. Akaliegesha mlangoni pa kibanda na kuacha milango ya nyuma wazi, kwa sababu Osla alitaka hewa. Upepo ulikuwa wa kusini-mashariki, ule unaoleta ukungu wa bahari. Lowrie alisimama dirishani na redio mkononi.

Ndege ikasikika juu. Haikuonekana.

"Lowrie," sauti ya Catriona ikasema, "unamwona Kerling?"

Lowrie akatazama. Alitazama mpaka Merran akadhani amepatwa na kitu. Miguu ya mwamba ilikuwa inaonekana, na povu la mawimbi. Kiuno kilikuwa kinakuja na kupotea. Kichwa hakikuwepo kabisa.

"Miguu naiona," akasema. "Kichwa sikioni."

"Nizunguke tena?"

"Zunguka."

Akazunguka mara tatu. Mara ya tatu akauliza, na Lowrie akajibu, "Simwoni, Catriona." Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, na hilo ndilo ambalo Tammas hakulisamehe. Ndege ikarudi bara. Mngurumo ukapungua, ukaisha, tukabaki na upepo.

Osla alikuwa amesikia kila neno. Lowrie alipotoka akapiga magoti kwenye lile gari, mkewe alimtazama akatabasamu. "Hata uongo mmoja, Lowrie?" akasema. Alikuwa anamtania, nawaapia, ndivyo walivyoishi. Alicheka kidogo, na kucheka kukamuumiza akakunja magoti.

Ndege ilimchukua Jumatano kukiwa kweupe. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka usiku. Alilala hospitali siku kumi na tisa, binti yao Wilma, anayefanya kazi huko bara, akimkalia kitandani. Siku ya ishirini simu ikalia nyumbani kwa Lowrie asubuhi wakati anawasha moto wa mboji, ule udongo mkavu tunaouchoma hapa badala ya kuni.

Tammas alikuja kabla moto haujashika. Hakuvua kofia.

"Ungesema unamwona," akasema.

"Nilikuwa simwoni, shemeji."

"Nilikuwepo. Alikuwa anaonekana."

"Miguu."

"Catriona mwenyewe alikuwa anaijua ile njia kama jiko lake. Angeshuka."

"Angeshuka, au angegonga kilima."

"Umeniulia dada yangu kwa ajili ya kichwa cha jiwe," akasema Tammas, akatoka. Toka hapo hakumsemesha tena. Na mnisikie vizuri: mara tatu kwa wiki watu hawa wawili walipaswa kukaa kwenye kiti kimoja cha gari la zimamoto, bega kwa bega na Merran katikati, kwa sababu mmoja wao akisusa, ndege haitui. Chuki ya mjini mtu anahama mtaa. Chuki ya Hamarsey ina zamu.

Maiti ilibidi ije kwa ndege, maana boti lilikuwa limefungiwa na bahari wiki nzima. Kampuni ikang'oa viti vya nyuma ili jeneza lipate nafasi, ikasema Ijumaa. Basi Alhamisi Tammas akachimba kaburi. Alichimba peke yake, akafukuza kila aliyekuja na koleo. Ijumaa ikaamka na ukungu mpaka kwenye vizingiti vya milango. Ndege haikuondoka hata bara.

Hapo ndipo wazee wakaanza kutazamana. Kwetu kaburi lililochimbwa halipitishwi Jumapili likiwa wazi. Likipita, litaita wa pili. Mchungaji hupinga jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka kaburi likichelewa yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuuliza limefukiwa au bado. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi au basi. Ndege isipotua Jumamosi, Tammas angerudisha udongo kwa mikono yake juu ya shimo tupu la dada yake, na Osla angerudi kwenye jokofu la bara kusubiri, nani ajuaye mpaka lini. Hilo nalo wazee walikuwa na jina lake: kuzika upepo. Mwanamke aliyezikiwa upepo, walikuwa wakisema, hatulii.

Lowrie hakuamini mambo hayo. Aliniambia mwenyewe hakuamini. Lakini usiku wa kuamkia Jumamosi hakulala, na si kwa sababu ya imani. Alikuwa anamtaka mkewe nyumbani. Alikuwa amemwambia hapana mlangoni pa kibanda akiwa hai, na hakuweza kufikiria kumwambia hapana mara ya pili.

Jumamosi upepo ukageuka kidogo. Ukungu ukainuka, ukashuka, ukainuka. Watu wote walikuwa wameshafika uwanjani na nguo za msiba, wamejipanga nyuma ya seng'enge. Watu wetu hawalii hadharani, walikuwa wanazungumza bei ya chakula cha kondoo. Merran na Tammas waliingia kibandani kumsubiri Lowrie amalize na redio ili wote watatu waende garini. Tammas alisimama kwenye dirisha lilelile, kucha zake zina udongo.

Ndege ikasikika.

"Lowrie. Nipo na Osla, na Wilma yupo nyuma yangu. Unamwona Kerling?"

Lowrie akatazama. Miguu ilikuwepo. Kiuno kilikuwepo, afadhali kuliko siku ile. Juu ya kiuno palikuwa na wingu zito, jeupe, halina tundu.

Merran akasema polepole, "Sema unavyoona, Lowrie."

Tammas hata kumgeukia hakumgeukia. Alikuwa anatazama mwamba, kama mwenzake.

"Lowrie?" ikasema redio.

"Namwona," akasema Lowrie.

"Mpaka kichwani?"

"Mpaka kichwani. Shuka."

Walitoka mbio kwenda garini, na Lowrie akaiwasha injini mara mbili. Walikaa. Wakasubiri. Mngurumo ulikuwa unakaribia lakini haukuwa na mahali, mara uko juu ya kilima, mara uko baharini. Lowrie akaanza kuelewa alichokifanya. Ndani ya wingu lile, nyuma ya Catriona, alikuwa amekaa mtoto wake wa pekee.

Ndege ikatokea chini mno. Haikutoka upande wa bahari inakotakiwa, ilitoka upande wa kilima, bawa moja limeinama, na watu nyuma ya seng'enge wakalala chini na nguo zao nyeusi. Magurudumu yalipita juu ya waya kwa kimo cha mtu mzima. Ikagonga changarawe, ikaruka, ikagonga tena, ikaserereka mpaka mwisho wa njia, pale penye genge, ikasimama. Merran alikuwa ameshika mkono wa kila mmoja wao. Alipojua hivyo akaiachia yote miwili.

Wilma alishuka, akatapika pembeni, akajifuta, akasimama kando ya mlango wa mizigo akimsubiri mama yake. Wanaume wakasogea. Catriona yeye alikuja moja kwa moja kwenye gari la zimamoto. Alikuwa mweupe kama unga.

"Lowrie," akasema, "mimi sikumwona Kerling. Wala kilima sikukiona mpaka kikawa mlangoni. Nilikuwa nimeshageuza ndege kichwani mwangu. Nikasema, Lowrie kasema yupo, basi yupo, tatizo ni mimi."

"Ukungu umefunga ghafla, mwanangu," akasema Merran. "Hapahapa ulipokuwa unashuka."

Catriona akamtazama Merran, akarudisha macho kwa Lowrie. "Umefunga ghafla?"

Hapo pangekuwa pa kukubali. Kutikisa kichwa tu kungetosha, hata neno asingelitumia. Merran alikuwa ameshamtengenezea njia na kuifagia.

"Hapana," akasema Lowrie. "Alikuwa haonekani. Nimekudanganya."

Catriona hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alisimama tu hapo, mkono kwenye mlango wa gari, kisha akasema, "Ningewaua wote. Wilma, na mimi, na hawa waliosimama pale."

"Ndiyo."

"Nikiandika ripoti watakutoa. Mkibaki wawili, hakuna ndege tena hapa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Unalijua," akasema Catriona. Akaondoka kwenda kukaa kibandani peke yake, akasubiri wingu liinuke. Alasiri lilipoinuka, wale watatu waliacha chai ya msiba wakaenda kumkalia kwenye gari mpaka aliporuka. Hakuwapungia mkono.

Osla tulimzika saa saba mchana. Wanane walimbeba, Lowrie mbele kulia, Tammas mbele kushoto, maana ndivyo inavyopasa mume na ndugu wa kuzaliwa. Waliteremka kilima hatua kwa hatua wakiwa sawasawa kabisa, na ungewaona ungesema hawa wanapendana. Mchungaji alisoma kwa haraka kwa sababu ya baridi. Kamba zikateremshwa. Watu walipoanza kurudi nyuma, Tammas alichukua koleo, na badala ya kuanza akalishikilia.

"Leo umemwona," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha toka ile asubuhi ya moto wa mboji.

"Sikumwona, shemeji."

"Najua. Nilikuwa dirishani."

Pengine Lowrie alidhani yamekwisha. Pengine alidhani shemeji yake anamshukuru, maana na mimi niliyekuwa karibu nilidhani hivyo kwa pumzi moja.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akasema Tammas. "Mimi nilikuwa najiambia huyu mtu ndivyo alivyo, hawezi, hata umchinje. Nilikuwa nimeanza kukusamehe kwa hilo." "Kwa maiti umeweza."

Akampa koleo. Mume ndiye hutupa udongo wa kwanza. Lowrie alilipokea, akachota, na akasimama nalo muda mrefu, udongo unamwagika kidogokidogo pembeni, mpaka Wilma alipokuja akamshika kiwiko akamsaidia kuuteremsha.

Jumatatu ikaamka nyeupe pe, anga safi kutoka ncha hii mpaka ncha ile, siku ambayo hapa tunasema si mbaya, na kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Merran alimkuta Lowrie ameshafika uwanjani, ameshafukuza kondoo kwenye njia, ameshanyoa ndevu. Tammas alikuja, akapanda kwenye gari, akakaa upande wake. Kerling alikuwa amesimama baharini mzima, unaweza kuhesabu ndege wa baharini waliomkalia kichwani.

Mngurumo ukasikika. Lowrie akachukua redio.

"Hamarsey," ikasema sauti ya Catriona. Siku zote alikuwa anamwita kwa jina. "Unamwona Kerling?"

"Namwona," akasema Lowrie. "Mpaka kichwani."

Redio ikanyamaza. Merran alikuwa mlangoni anavaa glavu zake, akaacha kuvaa. Ndege ilikuwa inaonekana kwa macho, inang'aa juani, na badala ya kushuka ilianza kuzunguka.

"Merran yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe redio."

Lowrie akampa. Merran alitazama dirishani, kisha akatazama sakafu, akasema, "Namwona, mwanangu. Yupo wote," na ndege ikageuka ikaanza kushuka. Lowrie alichukua kofia yake ngumu kwenye msumari, akatoka, akaenda kukaa kwenye gari la zimamoto kando ya Tammas, kwa sababu bila yeye wangekuwa wawili tu.